Nyasi Chini ya Miti ya Kivuli

Wengi waonapo uwanja wa shule au wa baraza umetoka vipara chini ya miti, hukimbilia kupanda nyasi upya, na baada ya miezi michache vipara hurudi pale pale. Sababu ni mbili: nyasi hazipati jua, na watu hukanyaga mahali pamoja kila siku hata udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mvua inyeshapo, ardhi haiyanywi maji; hushuka na udongo, mizizi ya miti ikabaki wazi.

Basi anza na mti. Kata matawi ya chini ili jua la asubuhi lipenye. Penye njia ya watu mwaga kokoto, maana hapo nyasi ni kazi bure. Kwingine tifua kidogo kwa jembe la meno, bila kukata mizizi minene, ukatandaze samadi iliyooza. Nyasi za Kikuyu, zipendwazo sana bara, hazistahimili kivuli. Huko pwani, nyasi za Pemba zenye majani mapana huvumilia zaidi. Mvua za masika zianzapo, panda vipande vyenye vifundo, shibiri moja baina yake, ukazungushie kamba. Zikishashika usizikate fupi kama zile za juani, kwa kuwa jani refu hunasa mwanga zaidi.