Amri ya Tano na Wafu wa Katekelayi

Amri ya tano yakataza kuua. Wako wasomi wa dini wadhanio kwamba amri hiyo yamhusu jirani ampigaye jirani yake tu, wala haiwahusu wenye dola. Sivyo. Yawafunga wote, mfalme na mkulima sawasawa.

Katika Agano la Kale yasimuliwa habari ya Nabothi. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu, naye Nabothi akakataa kuacha urithi wa baba zake. Malkia Yezabeli akafanya waletwe mashahidi wa uongo, na Nabothi akauawa kwa mawe. Kwa nje ilikuwa hukumu. Kumbe ulikuwa uuaji. Ndipo Mungu akamtuma nabii Elia amkemee mfalme.

Jambo la namna hiyo lilitukia Kongo, ilipoitwa Zaire. Jenerali Mobutu alitwaa utawala kwa nguvu ya jeshi mwaka 1965, akatawala hata 1997. Siku zile mwanakijiji wa Kasai hakuwa na ruhusa ya kuchimba almasi. Lakini vijana wengi, kwa umaskini, walichimba na kuchekecha mchanga kando ya mto. Julai 1979, huko Katekelayi na Luamuela, askari waliwashambulia. Wengi waliuawa kwa risasi. Wengine walikufa maji wakikimbia. Mwaka 1980 wabunge 13, akiwamo Étienne Tshisekedi, walimwandikia Mobutu barua ya kulaumu utawala wake. Wakakamatwa.

Swali: Je, vijana hao hawakuvunja sheria?
Jibu: Kosa la kuchimba halistahili kifo. Tena mwaka 1982 sheria ikawaruhusu raia kuchimba almasi. Lililokatazwa likawa halali. Bali uhai uliotolewa haukurudishwa.

Swali: Askari aliyeamriwa, ana hatia?
Jibu: Amri ya mkubwa haiondoi amri ya Mungu. Farao aliwaamuru wakunga kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania, nao wakakataa.

Swali: Kuwakumbuka waliouawa, si kutaka kisasi?
Jibu: La. Kisasi chatafuta damu nyingine. Kumbukumbu yatafuta ukweli na haki. Tena Mkristu huwaombea wafu, huwaombea na wauaji watubu.

Bunyakiri wako wenye jembe, wako na wachimbao madini. Nao wamezika ndugu waliouawa kwa silaha, na matanga mengine hayakuwa na maiti ya kuzika. Basi kila nyumba iwaulize wazee majina ya wafu hao, iyaandike katika daftari, ili yatajwe katika sala tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu wote. Jina lisiloandikwa hufa pamoja na mzee aliyelijua. Mungu hasahau hata mmoja. Binadamu husahau upesi.

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Nabothi aliuawa kwa sababu gani?
2. Kisasi na kumbukumbu vyatofautianaje?
3. Ni nani katika kijiji ambaye jina lake halijaandikwa?