Serengeti kwa Siku Moja, Ukitokea Nkoma

Mtu wa Nkoma akitaka kwenda Serengeti huanza kuulizia nauli ya Arusha. Hana haja. Hifadhi ile ya kilomita za mraba 14,763 imejinyoosha upande wa magharibi hadi karibu na Ziwa Victoria, na lango lake la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, ukishapita Lamadi kidogo. Njia yako basi ni Bariadi, Lamadi, Ndabaka. Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilomita 70 na ushei.

Usije ukadhani Pori la Akiba la Maswa, lililopakana na wilaya yetu ya Itilima, litakufaa kwa kuwa ndilo la karibu. Pori hilo liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na shughuli yake kubwa ni utalii wa uwindaji. Ukikutwa ndani bila kibali, hiyo ni kesi.

Tuje kwenye fedha. Kiingilio si mzigo: Mtanzania mtu mzima amekuwa akilipa shilingi 10,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na mtoto hulipa kidogo sana, wakati mgeni wa kutoka Ulaya anahesabiwa kwa makumi ya dola. Bei hubadilika, kwa hiyo iulizie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kufunga safari. Kinachokula fedha ni gari. Jikusanyeni watu sita au saba, iwe ukoo au kikundi cha kuweka na kukopa, mkodi gari moja lililoinuka. Kubalianeni mapema na mwenye gari nani anajaza mafuta na nani analipia gari na dereva langoni. Ugomvi mwingi wa safari hizi huanzia hapo. Dereva awe ameshawahi kuingia hifadhini. Bebeni vitambulisho vya NIDA, maana ndivyo vinavyowapa bei ya Mtanzania, na salio liwe kwenye simu au kadi. Langoni hawapokei fedha taslimu.

Wakati mzuri ni mwisho wa Mei na Juni. Nyumbu wanaohama huwa wanapita ukanda huu wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, kabla ya kuelekea kaskazini kwenye Mto Mara. Januari hadi Machi wako kusini, huko Ndutu wanakozalia, mbali nawe. Juni pia barabara zimeanza kukauka na watu wa pamba wana chochote mfukoni. Machi na Aprili ziache. Udongo mweusi ukinywa maji unaujua, na ukikwama mle ndani huwezi kuita vijana wa kijiji waje kusukuma.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe laleni Lamadi, mjaze mafuta jioni ileile, na saa kumi na mbili asubuhi muwe langoni. Halafu msikimbilie Seronera, katikati ya hifadhi. Ni kama kilomita 140 kutoka Ndabaka, na mwendo unaoruhusiwa hauzidi kilomita 50 kwa saa. Mtamaliza siku mkitazama vumbi. Kirawira, hukuhuku magharibi, inatosha kabisa: mamba na viboko wa Grumeti, mbega kwenye miti ya mtoni, twiga, pundamilia, nyamera.

Huyo nyamera mtazameni vizuri. Hupenda kusimama juu ya kichuguu. Akiwa amekaza macho upande mmoja bila kula, zimeni gari mtazame anakotazama, kwani huenda kuna simba kwenye nyasi. Aliyechunga ng'ombe utotoni hahitaji kufundishwa hili, na ndiyo maana naamini mfugaji wa Nkoma ataona mengi kuliko mgeni mwenye kamera ya mamilioni.

Adui wa siku hiyo ni mbung'o. Hufuata gari linalotembea, huingia kwa dirisha na kung'ata hadi kupitia shati. Nguo nyeusi na za bluu ndizo zinazomvuta, kwa hiyo vaeni za kaki au za rangi ya majani makavu, zenye mikono mirefu. Ukimpiga kofi ataanguka kama amekufa, kisha atainuka na kurudi palepale. Mkandamize kwa kidole gumba mpaka usikie amepasuka. Mkifika penye vichaka, pandisheni vioo hata kama joto linachoma.

Chakula mtoke nacho nyumbani. Matobolwa, karanga na maji ya kutosha vinakaa siku nzima bila kuharibika. Msitumie mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu 2019. Kula na kushuka garini ni pale palipotengwa tu, na nyani akiwa karibu fungeni milango kwanza, ndipo mfungue vyakula.

Kufika saa tisa alasiri muwe mmeshageuza gari, hata kama mmeambiwa kuna chui mbele. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kukutwa barabarani usiku ndani ya hifadhi ni kosa linalotozwa faini.