Kupaliwa Ghafla Baada ya Mkanda wa Jeshi: Tatizo Si Koo

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 62. Wiki tano baada ya kupona mkanda wa jeshi usoni, alipaliwa na chai ikamtokea puani. Majirani wakasema akakatwe kimeo. Hospitali wakasema ni kiharusi. Inawezekanaje, na mikono yake ina nguvu?

Jibu: Inawezekana kabisa. Kumeza huongozwa na shina la ubongo, pale kisogoni. Damu isipofika upande mmoja wa shina hilo, misuli ya koo hulegea, lakini mikono na miguu huweza kubaki na nguvu. Mgonjwa hupaliwa, sauti hukwaruza, anapata kizunguzungu, anatapika, na pengine kwikwi inagoma kukatika. Uso hufa ganzi upande mmoja, mwili upande wa pili. Adolf Wallenberg, daktari Mjerumani, alieleza hali hii mwaka 1895, na bado wapo wagonjwa wanaoishia kutibiwa koo.

Swali: Mkanda wa jeshi unahusikaje?

Jibu: Kirusi chake ndicho cha tetekuwanga. Hujificha miaka mingi kwenye mishipa ya fahamu. Kikiamka huweza kufika kwenye mishipa ya damu ya ubongo, ikavimba na kuziba. Hatari ni kubwa zaidi wiki za mwanzo, hasa mkanda ukitokea karibu na jicho. Influenza na UVIKO-19 pia huongeza hatari, kwa kuwa damu huganda upesi. Wengi hupona bila kiharusi. Mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara awe macho zaidi.

Swali: Tulimpa uji tukisubiri gari. Tulikosea?

Jibu: Msijilaumu, nia ilikuwa njema. Ila nawasihi wasomaji wote: mtu akianza kupaliwa ghafla pamoja na dalili nilizotaja mwanzoni, asipewe chochote mdomoni, hata maji, hata kidonge cha presha au aspirini, mpaka apimwe kumeza. Uji ukipita njia ya hewa huleta nimonia, na wengine hawakohoi hata kidogo. Andikeni saa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya CT kuonyesha kuwa damu haijavuja ubongoni.

Swali: Atakula tena kama zamani?

Jibu: Wengi hurejea kumeza vizuri baada ya wiki kadhaa, wengine huhitaji mrija wa puani kwanza. Akiruhusiwa kula, aketi wima, apewe kijiko kidogo kidogo, na msiongeze kingine kabla hajameza. Maji matupu humpalia mgonjwa kuliko uji mzito. Akiongea sauti ikasikika ina majimaji, acheni kumlisha. Mpigisheni mswaki kila siku, maana mdomo mchafu hupeleka vijidudu mapafuni.

Na kimeo chake kisiguswe.