Hatua Ambazo Hazikupigwa: Vifaa vya Nyumbani vya Kudanganya Michezo ya Simu

Iko michezo ya simu ambayo mchezaji hasongi mbele kwa wepesi wa vidole, bali kwa miguu yake. Pokémon GO, mchezo uliotolewa mwaka 2016, humtaka mchezaji atembee kilomita 2, 5, 10 au zaidi ili yai alilonalo lianguliwe. Pikmin Bloom, wa mwaka 2021, hukuza miche kwa idadi ya hatua. Mingine huahidi fedha. Na penye hesabu ya hatua hapakosi anayetaka hesabu pasipo kutembea. Mmoja huifunga simu kwenye panga la feni. Mwingine huining'iniza kwa uzi ikapembea. Wa tatu huunda kibembea kinachosukumwa na mota iliyotolewa kwenye kichezeo kibovu.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kueleza jinsi simu inavyohesabu hatua, kutambua hasara zinazotokana na vifaa hivyo, na kuchagua njia ya halali pale hesabu ya simu inapokuwa na kasoro.

Simu huhesabu nini?

Simu haioni miguu. Ndani yake mna kihisi cha mwendo, kipande kidogo cha silikoni chenye uzito mdogo sana ulioshikiliwa na vijitawi mfano wa springi. Simu inapotikiswa, uzito huo husogea, na kusogea kwake hubadili kipimo cha umeme. Programu husoma mabadiliko hayo na kutafuta mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea, ambao kwa kawaida hukaribia hatua mbili kwa sekunde.

Hivyo simu huhesabu mtikisiko, kisha hukisia kuwa ni hatua. Kibembea kinachopatia mdundo huo chaweza kuhesabiwa kuwa mtembeaji. Huo ndio udhaifu unaotumiwa na wenye vifaa hivi, nasi hatuoni sababu ya kuuficha. Kinachompasa mlaji kujiuliza ni nani atakayelipa gharama ya udanganyifu huo.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue kibembea kinachokwenda mara mbili kwa sekunde. Kwa dakika moja kitaleta hatua 120, na kwa saa moja hatua 7,200. Kikiachwa kwa saa 8 mwenye simu akiwa amelala, asubuhi simu itaonyesha hatua 57,600. Tukikadiria hatua moja kuwa sentimita 70, huo ni mwendo wa kilomita 40 na zaidi kidogo, karibu sawa na mbio za marathoni.

Mtembeaji wa kweli husimama, huvuka barabara, husalimiana na jirani, huchoka, na hubadili mwendo. Mota haifanyi lolote kati ya hayo. Zaidi ya hayo, michezo mingi hulinganisha hatua na mahali simu ilipo kwa msaada wa setilaiti. Kilomita 40 zilizokwenda bila simu kutoka chumbani huzua maswali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Hasara humwangukia nani?

Kwanza, simu yenyewe. Simu iliyofungwa kwenye panga la feni huliondolea feni uwiano wake, na kifungo kikilegea hurushwa ukutani. Mtikisiko mkali nao una madhara usiyoyaona kwa macho. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mitetemo mikali, kama ile ya injini kubwa za pikipiki, yaweza kudhoofisha kamera za baadhi ya simu za iPhone, kwa kuwa lenzi zake zina mitambo midogo ya kuzuia picha isicheze. Kibembea cha polepole si injini ya pikipiki. Lakini mwenye kuifunga simu kwenye mashine yenye kutetema kwa nguvu anajitafutia hasara ya namna hiyo. Kwa kawaida dhamana ya simu haigharimii uharibifu uliotokana na matumizi mabaya.

Pili, usalama wa nyumba. Mota iliyounganishwa na umeme wa ukutani kwa nyaya zilizofungwa kwa mkono, tena ikaachwa usiku kucha, yaweza kupata moto au kumrusha mtu kwa umeme. Simu inayochajiwa huku ikipembea huukunja waya wa chaja mahali palepale mara maelfu, hata waya ukachubuka. Watoto nao huvutiwa na kitu kinachocheza. Kifaa cha namna hii hakijapimwa na yeyote, na hata kinaponunuliwa kikiwa tayari, mara nyingi hakina anwani ya mtengenezaji wa kumdai.

Tatu, akaunti. Masharti ya matumizi ya michezo mingi hukataza udanganyifu na humpa mwenye mchezo haki ya kufunga akaunti. Kampuni ya Niantic, iliyounda Pokémon GO, iliweka utaratibu wa adhabu za ngazi tatu: onyo, kusimamishwa kwa muda, na hatimaye kufungiwa kabisa. Mlaji afahamu kwamba vitu alivyonunua ndani ya mchezo kwa kawaida si mali yake; amepewa ruhusa ya kuvitumia tu. Akaunti ikifungwa kwa kosa lake, ni vigumu kudai fedha zake.

Ziko pia programu zinazojidai kuongeza hatua au kuigiza mahali pengine. Nyingi hupakuliwa nje ya maduka rasmi ya programu na huomba nywila ya mchezo. Anayeitoa nywila hiyo amekabidhi ufunguo wa nyumba kwa mtu asiyemjua.

Pale hatua zinapolipwa

Mtoto aliyeipembeza simu ili yai lianguliwe hatumwiti mhalifu. Lakini hatua zinapogeuka fedha, mambo hubadilika. Ziko kampuni za bima na waajiri wanaotoa zawadi au punguzo kwa wanaotembea. Anayepokea zawadi hiyo kwa hatua za mota ametoa taarifa ya uongo ili apate faida, na anaweza kupoteza zawadi, bima, hata kazi.

Tahadhari nyingine ihusu michezo inayodai ada kabla ya kulipa. Katika mchezo wa STEPN, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2021, mchezaji alipaswa kununua viatu vya kidijitali ndipo atembee na kupata sarafu za kidijitali. Sarafu yake iitwayo GMT ilizidi dola 3 za Marekani mwezi Aprili 2022. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya dola 1. Hata waliotembea kwa uaminifu waliipata hasara hiyo. Mwenye kununua viatu vya namna hiyo, kisha akanunua na mashine ya kutikisa simu, amejiweka katika hatari mara mbili.

Iko hasara moja zaidi isiyo ya fedha. Kwa wengi, hatua za mchezo hutunzwa katika programu ileile inayotunza kumbukumbu za afya. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anayemwonyesha daktari kumbukumbu iliyojazwa na kibembea anamfanya daktari aamue kwa jambo lisilokuwapo.

Anayetembea lakini hahesabiwi

Wako wanaotafuta vifaa hivi kwa sababu simu inawapunja. Mama anayesukuma kigari cha mtoto huku simu imelala ndani ya kigari hatahesabiwa ipasavyo, kwa kuwa simu haipati mdundo wa mwili wake. Dawa yake ni kuivaa simu mfukoni au kiunoni. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu naye ana haki ya kucheza. Zipo saa, kama zile za Apple tangu mwaka 2016, zinazoweza kuhesabu misukumo ya mikono. Mchezo usipopokea hesabu hiyo, mlaji aiandikie kampuni, aeleze hali yake, na atunze nakala ya barua na majibu.

Mambo ya kukumbuka

1. Soma masharti ya mchezo kabla ya kulipa, hasa sehemu ya kufungiwa akaunti na kurudishiwa fedha.
2. Tunza risiti za kila ulichonunua ndani ya mchezo.
3. Usiunganishe mota na umeme wa ukutani, wala usiache simu inayochajiwa ikitikiswa.
4. Usitoe nywila kwa programu ya kuongeza hatua.
5. Hesabu ikikosewa, rekebisha mahali unapoiweka simu, kisha lalamika kwa maandishi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini simu huweza kudhani kibembea ni mtu anayetembea?
2. Kibembea kinachokwenda mara mbili kwa sekunde kitaleta hatua ngapi kwa saa 3?
3. Kijana wako ameahidiwa punguzo la bima kwa hatua 10,000 za kila siku, naye anataka kununua kifaa cha kutikisa simu. Utamweleza nini?