Lenzi ya zumu: uliza mwanga, kisha uliza waranti ya nani

Napiga picha za harusi kwa lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Nikiongeza 70-300 itatosha?

Umbali utaupata, mwanga utaukosa. Nyingi za 70-300 za bei nafuu, ukizivuta hadi mwisho, huishia f/5.6 au f/6.3. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Saa tatu usiku ukumbini, taa zimepunguzwa na bibi harusi anaingia, hiyo ndiyo tofauti ya kupiga kwa sekunde 1/200 au 1/50. Kwa 1/50 wachezaji wote hutoka wamevurugika. Anza na 24-70 f/2.8, au 17-50 f/2.8 kama kamera yako ni ya sensa ndogo. Hiyo 70-300 ni ya kwendea Mikumi mchana.

Sensa ndogo inabadilisha nini?

Hukata pembe za picha. Kwa Nikon na Sony zidisha namba za lenzi kwa 1.5, kwa Canon 1.6. Basi 70-200 inakuonyesha kama 105-300, na katika ukumbi mwembamba utarudi nyuma hadi mgongo ugote ukutani.

Muuzaji anasema kizuia mtikisiko kinafidia mwanga.

Kinatuliza mkono wako. Anayecheza hakimtulizi.

Lenzi imetoka Dubai, bei imeshuka, na ina "waranti ya mwaka". Niichukue?

Uliza kwanza: waranti ya nani? Ya kiwanda mara nyingi imefungwa na nchi au eneo. Tamron, kwa mfano, hutoa miaka 6 kwa lenzi zinazouzwa rasmi Marekani. Ukinunua kwingine, masharti ni ya huko. Ya duka huishi kadiri duka linavyoishi, na maduka ya Kariakoo tunayajua yanavyohama. Simchukii muuzaji wa Dubai, ila punguzo hilo lihesabu kuwa ndilo fedha yako ya matengenezo.

Kabla ya kulipa, soma nchi iliyoandikwa kwenye kadi, tazama muhuri na tarehe, kisha linganisha namba iliyoandikwa kwenye lenzi na ile ya boksi. Dai risiti ya EFD na uipige picha siku hiyo hiyo, maana karatasi yake hufifia kabla hata waranti haijaisha.

Yangu imeota ukungu ndani na waranti haijaisha. Nidai?

Dai, lakini tarajia kukataliwa. Waranti hulipia kosa la kiwandani, kama mota ya fokasi iliyokufa yenyewe. Kuanguka, maji, mchanga na ukungu ni juu yako. Na ukitangulia kwa fundi wa mtaani akaifungua, hata dai halali linaweza kuharibika.

Ukiishi Tanga, Unguja au Mombasa, usilaze lenzi ndani ya begi kabatini. Itie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pamoja na vipakiti vya silika, na uvibadilishe vikishiba unyevu. Ukungu ukishaila rangi ya juu ya kioo, alama hubaki hata baada ya kusafishwa.

Ya mtumba je?

Waranti nyingi humhusu mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo jihesabu huna. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu. Zungusha pete ya zumu mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, mrudishie mwenyewe.