Somo la Msumeno wa Mnyororo, na Jinsi ya Kuwafunza Watoto Vyombo vya Mashine

Wasomaji wetu, leo twaleta somo juu ya chombo ambacho mlio wake hujulikana sana katika vilima vya Mabira, nacho ni msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso. Kata ya Mabira imo katika wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, katika mkoa wa Kagera. Nchi hii ni ya migomba na kahawa, walakini watu wake hupanda pia mikaratusi na misindano, kwa kuwa nyumba zataka mbao, majiko yataka kuni, na mahitaji ya watoto shuleni yataka fedha. Mti unaomchosha mtu wa shoka kwa saa nyingi huangushwa kwa chenso kwa dakika chache. Hiyo ndiyo faida yake, nasi hatuikani. Lakini chombo kiwezacho kupita katika shina la mkaratusi kwa muda mfupi namna ile, hupita katika paja la mtu kabla mwenyewe hajapata kupiga kelele.

Basi yafaa tujifunze mambo mawili: kwanza, mtu aichague vipi mashine hii, pili, mtoto wa nyumbani afunzwe nini, na kwa wakati gani.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Chombo hiki si cha kale. Andreas Stihl, fundi wa Ujerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, na mwaka 1929 akatoa wa petroli. Mashine ile ya mwaka 1929 ilikuwa na uzito wa kilo 46, hata ilitaka watu wawili kuishika. Baadaye, mwaka 1946, mkata miti mmoja wa Oregon katika Marekani, jina lake Joseph Cox, alimtazama funza wa mti akila gogo. Akaona ya kuwa taya za funza yule hukata upande wa kuume na upande wa kushoto kwa zamu. Kwa mfano huo akatengeneza meno ya mnyororo yaliyopinda, moja kuume na moja kushoto, na mpaka leo minyororo mingi hufuata namna hiyo. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili katika mnyororo mkuukuu uliokwisha ondolewa katika mashine, nao watajifunza ya kuwa mtu mwenye macho hupata elimu hata kwa mdudu.

KUCHAGUA MASHINE

Kwanza, itazame kazi kabla ya kuitazama bei. Mtu mwenye miti michache ya kupogoa, na kuni za nyumbani za kukata, yamtosha mashine ndogo ya kilo 4 au 5, yenye ubapa wa sentimita 35 hivi. Mwenye shamba la mikaratusi minene ataka mashine yenye nguvu zaidi, nayo huwa nzito zaidi. Watu wengine hununua ile kubwa kuliko zote kwa kuwa ni fahari kuibeba. Hayo si mashauri mema, maana mkono uliochoka ndio mkono ukosao, na mashine nzito huuchosha mkono upesi.

Pili, vitazame vilinzi vyake. Mashine njema ina breki ya mnyororo, yaani kile kigao kilicho mbele ya mkono wa kushoto. Kikisukumwa mbele, mnyororo husimama mara moja. Ina kizuizi cha eksileta, ili mnyororo usizunguke mpaka kiganja kiwe kimeshika sawasawa. Ina kidaka mnyororo, ili mnyororo ukikatika usimrukie mtu. Ina mipira ya kupunguza mtetemo, maana mtetemo wa miaka mingi huharibu mishipa na neva za vidole. Ukiletewa mashine ya mtumba ambayo breki yake imevunjika au imeondolewa, uikatae hata kama bei ni rahisi. Rahisi hiyo italipwa hospitali.

Tatu, uliza habari za vipuri. Mnyororo, plagi na tupa ya mviringo vyapatikana karibu, au ni mpaka Bukoba? Mashine isiyopata kipuri hugeuka chuma cha kuwekea kuku. Na mnyororo butu ni hatari kuliko mkali, kwa sababu mtu huusukuma kwa nguvu, naye anayesukuma huponyokwa.

Nne, weka fedha ya mavazi ndani ya bei ya mashine, wala usiihesabu kando. Kofia ngumu, kinga ya macho na ya masikio, glovu, buti zenye chuma kwenye vidole, na suruali yenye nyuzi za kuzuia mnyororo: vitu hivi ni sehemu ya mashine. Mlio wa chenso huzidi desibeli 100, nao huua masikio polepole bila maumivu, hata mtu hutambua siku ambapo hasikii tena adhana wala kengele.

Tano, ijue sheria. Katika msitu wa hifadhi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kukata mti pasipo kibali. Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, si mahali pa kupeleka msumeno kabisa. Hata mwenye mti wake shambani yafaa aende kwanza kwa afisa misitu wa wilaya, aulize juu ya mashine na juu ya kukata na kusafirisha, kabla ya kutoa fedha yake.

HESABU YA MBAO

Hapa twawapa walimu hesabu ya kufanya darasani. Njia inayokatwa na mnyororo ni pana, kadiri ya milimita 8. Mtu akipasua gogo kwa chenso, akakata mara 10, unga wa mbao uliopotea ni milimita 80. Ubao wa inchi moja ni milimita 25. Basi mbao tatu zimekwisha geuka unga na kumwagika chini. Msumeno wa kupasulia mbao wenye ubapa mwembamba hupoteza kidogo kuliko huo. Kwa hiyo chenso ni chombo chema cha kuangusha mti na kukata magogo, lakini kwa kupasua mbao yafaa mtu apige hesabu kwanza.

KUANGUSHA MTI

Mnyororo ukienda kwa nguvu zote, kwa sekunde moja hupita kadiri ya mita 20, nao ni urefu uzidio madarasa mawili. Hapana mtu awezaye kuuwahi kwa kuruka. Kwa sababu hiyo usalama hupangwa kabla ya kuwasha, wala si baada.

Ukitaka kuangusha mti wa mita 20, watu wote wasiohusika wawe mbali mita 40, yaani urefu wa mti mara mbili, pande zote. Tazama matawi makavu juu, upepo, na nyaya za umeme. Fyeka njia ya kukimbilia, iende nyuma kwa mshazari, upande usiokuwa wa kuangukia. Kisha kata mdomo upande ule utakaoangukia mti, kwa kina cha sehemu moja ya tano mpaka ya nne ya unene wa shina. Halafu kata kutoka nyuma, juu kidogo kuliko kitako cha mdomo, wala usikate mpaka mwisho. Acha bawaba ya mti, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya unene. Mti wenye unene wa sentimita 40 ataka mdomo wa sentimita 8 mpaka 10, na bawaba ya sentimita 4. Bawaba hiyo ndiyo iuongozayo mti kama mlango. Ukiikata yote, mti hauna bwana tena, waweza kuanguka popote.

Jihadhari na ncha ya ubapa, hasa sehemu yake ya juu. Ikigusa tawi, mashine huruka nyuma ghafula kuelekea uso wa mtu. Usikate juu ya mabega, usikate ukiwa juu ya ngazi, wala usifanye kazi hii peke yako. Mafuta yachanganywe kama kitabu cha mashine kisemavyo: ikiwa ni moja kwa 50, lita 5 za petroli hutaka mililita 100 za oili. Usitie mafuta mashine ikiwa ya moto, na ukiisha kutia, sogea mita 3 kabla ya kuwasha.

JUU YA WATOTO

Sasa twafika mahali penye uzito. Katika mashamba mengi kazi ya miti ni kazi ya nyumba nzima. Baba akata, na mwana ashika gogo lisiviringike, au abeba dumu la petroli, au asimama karibu atazame. Mzazi haoni ubaya, maana yeye mwenyewe alishika panga na shoka akiwa mdogo, wala hakufa.

Neno hilo ni la kweli, lakini halifanani na hili. Shoka hupata nguvu yake katika mkono wa mtoto mwenyewe. Nguvu ya mtoto ni kidogo, kwa hiyo na kosa lake mara nyingi huwa dogo. Akichoka, shoka nalo husimama. Mashine haina kipimo hicho. Humpa mtoto wa miaka 12 nguvu ya mtu mzima, wala haimpi akili ya mtu mzima, wala haichoki naye.

Wengine hutaja methali, "Mtoto akililia wembe, mpe." Wazee waliosema hivyo walisema habari za wembe, ambao humkata mtu kidole akajifunza. Mnyororo haumwachii mtu kidole cha kujifunzia.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Yamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini yakataza kazi ya hatari, na katika kazi za hatari imetaja kubeba mizigo mizito na kufanya kazi mahali panapotumika mashine. Basi chenso si ya mtoto hata akiwa mrefu kuliko baba yake.

Je, tumnyime mtoto elimu ya vyombo? Sivyo. Mtoto asiyefunzwa kitu hukijaribu kwa siri. Mkoa huu wa Kagera ni nchi ya wafua chuma tangu zamani sana, zaidi ya miaka 1500, nao ufundi ulipita kwa vijana kwa hatua. Nasi twashauri hatua nne.

Hatua ya kwanza, mtoto mdogo ajue jina la kila chombo, mahali pake, na upande wake ukatao. Ajue pia mpaka: kamba ifungwe, aambiwe, "Mashine ikilia, hapa hupiti."

Hatua ya pili, mtoto wa miaka 10 hivi afunzwe vyombo vya mkono, yaani nyundo, msumeno mdogo, randa na keekee ya mkono, mtu mzima akiwa kando yake. Ajifunze kufunga ubao kwa jiliwa, kusimama sawa, na kurudisha chombo mahali pake.

Hatua ya tatu, kijana aliyezidi miaka 14 ajifunze kutunza: kusafisha, kunoa kwa tupa mnyororo uliofungwa mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Umeme umefika katika vijiji vingi, na pamoja nao keekee ya umeme na randa ya umeme. Hivi ajifunze mbele ya mwalimu wa ufundi tu, waya ukiwa mzima, mikono mikavu, nguo zisizoning'inia.

Hatua ya nne, akitimiza miaka 18, apate mafunzo ya kweli kwa fundi aliyehitimu au katika chuo. Viko vyuo vya ufundi stadi, tena kiko Chuo cha Misitu Olmotonyi karibu na Arusha, na Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi.

Lakini hatua zote hizi ni bure ikiwa baba akata miti kwa kandambili. Mtoto husikia kwa masikio, ila hujifunza kwa macho.

MTU AKIUMIA

Zima mashine. Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usifunue kutazama. Kikiloa, ongeza kingine juu yake. Mlaze mgonjwa, mfunike asipate baridi. Usitie majivu, udongo wala mafuta ya taa. Damu ya mkono au mguu ikizidi kububujika, funga ukanda mpana kwa kukaza juu ya jeraha, andika saa uliyofunga, wala usiufungue njiani. Mpeleke upesi kituo cha afya. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, yakupasa uwe umekwisha jua pikipiki au gari la kumpeleka litatoka wapi.

MASWALI

1. Mti una urefu wa mita 15. Watoto wawe mbali mita ngapi?
2. Shina lina unene wa sentimita 30. Bawaba iwe ya sentimita ngapi?
3. Kwa nini mnyororo butu ni hatari kuliko mkali?
4. Shoka na chenso vyatofautianaje mkononi mwa mtoto?
5. Katika kijiji chako, ni nani mwenye chenso, na ni nani asimamaye karibu naye akatapo? Swali hili halijibiwi kwa kalamu. Mwenyekiti wa kijiji na mwalimu waende wakaone.