Siri ya Usalama Haifuniki Bei

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali ya Kenya ilitaka mtambo mpya wa kuchapisha pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ikataja bei: euro milioni 6. Kandarasi haikwenda huko. Ilipewa kampuni iliyojiita Anglo Leasing and Finance kwa euro milioni 30, nayo ingeipa kazi hiyo kampuni ileile ya Ufaransa. Ile tofauti ya milioni 24 ingekuwa malipo ya nini, hakuna aliyetakiwa kueleza, maana mradi ulikwisha kutiwa kwenye kapu la usalama wa taifa.

Kapu hilo lilikuwa na kandarasi 18 zenye thamani ya karibu dola milioni 770, ikiwamo ya maabara ya uchunguzi wa jinai. John Githongo, aliyesimamia masuala ya utawala bora na maadili katika Afisi ya Rais, alipoanza kuuliza mwaka 2004, baadhi ya pesa zilianza kurudishwa kimyakimya na watu wasiojulikana. Sijawahi kusikia mwizi wa kuku akirudisha kuku kabla ya kushikwa. Githongo alijiuzulu mwaka 2005 akiwa London. Lakini serikali ilikuwa imetia sahihi hati za ahadi ya malipo, na hati za namna hiyo zina meno: mwaka 2014 Kenya ililipa takriban Sh1.4 bilioni kwa kampuni mbili za sakata hilo baada ya kushindwa katika mahakama za Ulaya.

Makala haya ni kwa msomaji anayesikia kwamba mabilioni yametengwa kwa kamera, mitambo ya alama za vidole au mawasiliano ya polisi, kisha akiuliza anajibiwa, "Hayo ni mambo ya usalama." Jibu hilo lina ukweli nusu. Kamera ipi inamulika wapi, polisi wanasikilizana kwa masafa gani, mtambo una udhaifu gani: hayo ni siri halali, na mwananchi mwenye busara hayadai. Bei, jina la muuzaji, walioshindana naye na tarehe ya kumaliza kazi hayamsaidii adui kitu.

Pa kuanzia kuyatafuta ni makadirio ya bajeti, ambayo Katiba inataka yafikishwe katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Kamati ya bunge inayoyachambua inawajibika kuomba maoni ya umma. Usipoteze muda kwenye fungu la Idara ya Ujasusi. Hapo utakuta jumla tu. Tazama polisi, usalama wa ndani na uhamiaji. Humo ndimo vinamonunuliwa vifaa vingi ambavyo havina usiri wowote, kompyuta zikiwamo.

Ukiuona mradi kwenye matumizi ya maendeleo, fungua pia ukurasa wa matumizi ya kawaida. Kosa la wasomaji wengi wa bajeti ni kudhani mtambo hununuliwa kama jembe, ukalipa ukaenda zako. Teknolojia hailipiwi mara moja. Programu ina leseni ya kila mwaka, kamera zinataka umeme na intaneti, seva zinazeeka, na mara nyingi aliyeuza ndiye pekee anayejua kutengeneza. Muuzaji aweza kushusha bei ya kwanza makusudi, akijua kwamba mwaka wa tatu mtamrudia mkiwa hamna pengine pa kwenda. Kwa hiyo usiulize tu mtambo uligharimu kiasi gani. Uliza utagharimu kiasi gani kwa miaka kumi, na mkataba wa matengenezo ukiisha, nani atakuwa na funguo za kuuendesha.

Jihadhari pia na hesabu za haraka. Mwaka 2014, baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate la Septemba 2013, serikali ya Kenya iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kandarasi ya Sh14.9 bilioni ya mtandao wa mawasiliano na kamera za polisi, bila kushindanisha zabuni, kwa hoja kwamba hali ilikuwa ya dharura. Wabunge walisimamisha mradi kwa muda kisha wakauruhusu. Kamera zilizoahidiwa zilikuwa 1,800, Nairobi na Mombasa. Ukigawanya, kila kamera inatoka zaidi ya Sh8 milioni, na hapo ndipo watu hupiga kelele. Hesabu hiyo haisimami, kwa sababu fedha hizo zilihusu pia mtandao wenyewe, vyombo vya mawasiliano na kuunganisha vituo vya polisi. Kinachofaa kudaiwa ni mchanganuo: kila kitu na bei yake. Hata hivyo, sikubaliani na hoja ya dharura. Mradi uliochukua miezi kujadiliwa ungeweza kupata nafasi ya kushindanishwa.

Kisha linganisha malipo na kazi. Tanzania ilijifunza hilo katika sakata la Lugumi: mkataba wa polisi wa mwaka 2011 wa kufunga mashine za alama za vidole katika vituo 108, kwa Sh37 bilioni za huko. Mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilihoji kwa nini karibu fedha zote zilikuwa zimelipwa ilhali vituo vilivyokutwa na mashine vilikuwa 14. Anayeweza kuona pengo kama hilo ni mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo ripoti ya Mkaguzi Mkuu isikupite. Wala huhitaji kujua mashine inavyofanya kazi. Unahitaji kujua kuhesabu vituo.

Ukikosa majibu, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma, ikishatia sahihi mkataba, itangaze kilichonunuliwa, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa kazi na muda wa kukamilisha. Kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia habari zinazohatarisha usalama wa taifa, na katika orodha yake yamo masuala ya teknolojia. Utajibiwa kwa kifungu hicho, jiandae. Lakini kifungu hichohicho kinasema mahakama inaweza kuamuru habari zitolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara, na miongoni mwa manufaa hayo ni usimamizi mzuri wa matumizi ya fedha za umma. Basi barua yako itaje fedha tu. Ukichanganya swali la bei na swali la mahali kamera zilipo, umewapa sababu ya kukunyima yote mawili.

Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kuliwasilisha hakulipiwi ada. Gharama ya kunakili karatasi ndiyo unayoweza kutozwa. Taasisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja tu. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi huiita Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi. Weka nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu zile siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.